Majini wa Utangu bado wapo hai, mbona lugha yao imekufa?

#1 Kete ya Tudor

Asalaam aleikum wadau. Naleta mada, na naomba tuichimbe kwa sababu Jumamosi nakaa na wachezaji wangu na jibu ndilo litakaloamua kampeni yetu, yaani hadithi tunayoicheza mezani, inaelekea wapi.

Dai langu: ulimwengu wa mchezo ukiwa na viumbe wa umri mrefu na uchawi wa kusema na maiti, lugha iliyokufa haiwezekani humo. Sisi wachezeshaji tunaiweka kwa mazoea tu, kwa sababu magofu bila maandishi yasiyosomeka hayanogi.

Ulimwengu wetu tumeujenga wenyewe hapa Mombasa, kwa kanuni za Dungeons & Dragons toleo la 5, ule mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika na mchezeshaji huwasimulia ulimwengu. Ni pwani ya visiwa, na chini ya kila kisiwa kuna magofu ya Utangu, dola iliyoanguka miaka 400 nyuma. Kuta zimejaa Kitangu na hakuna anayekisoma. Lakini majini wa huko wanaishi miaka elfu! Waliozaliwa zama za Utangu wapo, wanauza lulu sokoni. Mchezaji mmoja akaniuliza: mbona tusimwendee jini mzee atusomee ukuta? Na tukimkosa jini, tutafute maiti wa Kitangu, kanuni zinaturuhusu kumuuliza maswali 5.

Nimeanza kufikiria kuifuta lugha hiyo kabisa. Anayeona niiache anipe sababu ya kuiacha.

#2 Binti Kisauni

Waaleikum salaam. Usifute, kaka.

Jini mmoja kukijua Kitangu hakufanyi Kitangu kiwe hai. Lugha iko hai pale mtoto anapoililia njaa, anapoitukania mwenzake, anapoiulizia mama yuko wapi. Hao majini wako wanauza lulu kwa lugha gani? Ya wanunuzi, bila shaka. Watoto wao je? Ukishajibu hilo la watoto umejibu lote.

#3 Mzee wa Makadara

Mimi sichezi mchezo huo, mjukuu wangu ndiye anayecheza, na ndiye aliyenionyesha uzi huu. Lakini hapa mnachanganya mambo mawili, lugha na hati.

Mamangu, Mungu amrehemu, aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu maisha yake yote. Barua zake ninazo. Wajukuu zangu wanazungumza Kiswahili kile kile, na baadhi yao wamesoma shahada, ila barua ya bibi yao hawaiwezi hata mstari mmoja. Walifundishwa herufi za Kirumi shuleni basi. Mwenye kuzisoma nyumbani ni mimi na dada yangu.

Na hata mwenye kujua Kiarabu chenyewe, mpeleke Kizimkazi kule Unguja, kwenye maandishi ya msikiti ya mwaka 1107. Ni hati ya Kikufi. Wengi waliozoea hati ya misahafu ya leo watasimama pale waduwae.

Kwa hivyo huyo jini wako muuza lulu huenda anasema Kitangu kama maji. Nani alimfundisha kusoma? Katika dola za zamani wangapi walikuwa wakisoma?

#4 Nahodha wa Likoni

Shikamoo mzee. Hoja ya hati ni nzito, na hata waliobuni Faerûn, ulimwengu uliochapishwa wa mchezo huu, waliiona. Kule kuna Thorass, herufi za zamani ambazo watu bado wanaandikia lugha ya kawaida ya kila siku. Thorass ni herufi tu. Lugha zilizokufa hasa ni za Netheril: Loross ya wakubwa, na Kinetheri cha watu wote. Dola yao ya miji inayoelea ilianguka mwaka -339 kwa hesabu ya kule, pale mchawi Karsus alipotaka kuupokonya uungu. Uchawi ukakatika kidogo, miji ikaporomoka, na lugha ikaenda nayo.

Maelezo yangu basi: Kitangu kilikufa siku moja. Miji iliporomoka, wasemaji wakafa.

#5 Wa Laikipia, sasa Bamburi

Nahodha, kufa siku moja ni nadra sana. Mimi kwetu ni Laikipia na nawapa mfano wa kweli.

Kwenye msitu wa Mukogodo walikuwako Wayaaku. Waliishi mapangoni, wakawinda, wakafuga nyuki. Karne ya 20 ilipoingia walizungukwa na wafugaji wa Kimaasai, wakaanza kuoana nao. Mahari ya Wayaaku ilikuwa mizinga ya nyuki. Baba wa binti wa kifugaji hataki mizinga, anataka ng'ombe. Basi kijana wa Kiyaaku akatafuta ng'ombe, na akishakuwa na ng'ombe anaishi kama wenye ng'ombe na kusema kama wao. Ndani ya kizazi kimoja au viwili watoto wakakua na Kimaasai. Hakuna mji ulioporomoka. Watu wenyewe wapo, ukienda leo unawakuta, ila lugha ya mababu imebaki kwa wazee wachache mno.

Kwa hiyo mleta mada, usiulize nani aliwaua Watangu. Uliza mahari yao ilikuwa nini, na nani aliikataa.

#6 Msomaji Usiku

Nahodha, marekebisho mawili. Thorass si herufi tu. Ni lugha pia, ile ya kawaida ya zamani, na katika kitabu cha kampeni cha 2001 imewekwa kwenye orodha ya lugha za kale pamoja na hizo Loross na Kinetheri. Jina moja, vitu viwili.

La pili ndilo kubwa. Kinetheri hakikufa chote siku ya Karsus. Mji mmoja, Shade, ulikuwa umeshahamishiwa ulimwengu wa vivuli kabla ya anguko. Mwaka 1372 ukarudi, wenyewe wamo ndani, na lugha yao midomoni. Zaidi ya miaka 1,700 wanazuoni walikuwa wakibishana jinsi ya kutamka maneno ya watu wale, mara wanakuja kuyatamka wenyewe! Na hapo sijamtaja Larloch, mfu mchawi wa Netheril ambaye amekuwepo muda wote huo na hana haja ya kumfundisha mtu.

Kwa hiyo swali la Kete lina uzito hata kwa ulimwengu uliochapishwa. Wao hawakulikwepa. Walikubali kwamba lugha imekufa kwa wengine na iko hai mahali pasipofikika.

#7 Nahodha wa Likoni

Hiyo ya Shade nakubali. Thorass nitaendelea kuiita herufi, maana mezani kwetu hakuna aliyewahi kuisema.

Lakini umenikumbusha Fort Jesus. Wareno walianza kuijenga 1593, wakakaa humo zaidi ya miaka 100, wakaoa, wakazika, wakaandika juu ya lango. Kisha kuzingirwa kwa 1696 hadi 1698 kukawamaliza, Waomani wakaingia. Leo ukilisimamisha kundi la watoto wa Mji wa Kale chini ya lile lango, hakuna wa kukusomea. Kireno kimekufa Mombasa. Na kimezagaa Brazil, Angola, hata hapo kusini tu Msumbiji. Mahali panaweza kufiwa na lugha ambayo haijafa.

#8 Mzee wa Makadara

Kijana, Wareno walirudi. 1728 waliichukua tena ngome, wakatolewa 1729. Watu huusahau mwaka ule. Hilo la kufiwa na lugha umelisema vizuri.

#9 Kiboko wa Nyali

Nyote mnazungumza vitabu tu 😄 Njooni kwenye kompyuta. Kwenye mchezo wa Morrowind Wadwemer wametoweka wote kwa mpigo, mwaka 700 wa Enzi ya Kwanza, vitani kwenye Mlima Mwekundu. Taifa zima, hakuna maiti hata mmoja. Hiyo nadharia ya Nahodha ya siku moja inawezekana kabisa! Na alibaki Mdwemer mmoja tu, Yagrum Bagarn, mgonjwa, amefungiwa kwa mchawi chini ya mnara. Unamfikia kwa jasho.

Kete akitaka jini mwenye kujua Kitangu amfiche hivyo hivyo, amuweke mgonjwa chini ya mnara. Asimuweke sokoni anauza lulu bei ya jioni.

#10 Kete ya Tudor

Lulu zangu mziache jamani, zina kazi yake kwenye hadithi.

Kiboko, mgonjwa aliyefichwa ananisaidia kwa jini. Na maiti je? Kaburi la Watangu wachezaji wangu wanalo, walilipata kisiwa cha kwanza.

#11 Fundi wa Kanuni

Hapo ndipo nilikuwa nasubiri. Someni kanuni zenyewe.

Uchawi wa kusema na maiti, ngazi ya 3: maiti lazima awe na mdomo. Fuvu la miaka 400 lililopoteza taya halijibu kitu. Anajua alichokijua akiwa hai tu, na lugha alizozijua akiwa hai tu. Maana yake mumuulize kwa Kitangu, na atajibu kwa Kitangu! Mna nani wa kuuliza? Ule uchawi wa kuelewa lugha, wa ngazi ya 1, unakufanya uelewe lakini haukufanyi useme. Mtahitaji pia uchawi wa ndimi, unaokufanya usikie na usemeke kwa lugha yoyote, nao ni wa ngazi ya 3. Majibu yenyewe huwa mafupi au ya mafumbo, na maiti akikuona adui halazimiki kukwambia ukweli. Ukimaliza maswali 5, maiti huyo humrudii mpaka zipite siku 10.

Kwa ukuta, uchawi wa kuelewa lugha ni rahisi zaidi, na unaweza kufanywa kama tambiko bila kutumia nafasi ya uchawi, ile akiba ya mchawi ya siku. Mguse ukuta, kama dakika 1 kwa ukurasa, mnasoma. Huo ndio unaoua Kitangu kuliko jini na maiti wakiwekwa pamoja. Mchawi yeyote mwanafunzi anao. Hilo hamjaligusa.

#12 Binti Kisauni

Naligusa mimi, maana limenikaa kooni tangu jana.

Uchawi ule unatoa maana ya juu juu ya maneno. Kanuni zenyewe zinasema hivyo. Sasa mchukue mchawi wenu mje naye Mombasa. Mama mmoja mtaani kapita na leso imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Mchawi aguse leso, asome, aelewe kila neno. Je, amejua imevaliwa nani aione? Amejua kwamba imepitishwa mlango wa fulani mara mbili asubuhi, na kwamba fulani atajibu kesho kwa leso yake? Mtoto wa mtaa ule wa miaka 10 anajua. Mchawi hajui.

Na mashairi yetu ya zamani ya kujibizana ni hivyo hivyo. Maneno yote unayajua, na shairi limekufunga mlango.

Watangu wakiwa watu wa pwani, basi waliandika kwa mafumbo. Kuta zisomwe na kila mwanafunzi wa uchawi! Wataambiwa "samaki wa tatu hakurudi" na hawatajua samaki ni nani. Lugha imekufa kwa sababu wamekufa waliokuwa wakijua inasemwa nani.

#13 Fundi wa Kanuni

Dada, hiyo naichukua kwenye meza yangu bila kuomba ruhusa.

#14 Msomaji Usiku

Kiboko kataja michezo ya kompyuta, basi tusiisahau Skyrim ya 2011. Kule Markarth kuna jiwe la mwanazuoni Calcelmo, lina maandishi ya Wafalmer na maandishi ya lugha nyingine ya kale ya maelfi, na bila jiwe hilo shajara moja muhimu haisomeki. Ni wazi wamechota kwenye jiwe la Rosetta, lenye habari moja kwa hati tatu, lililopatikana Misri mwaka 1799.

Lakini watu wakisimulia Rosetta wanaacha nusu. Jiwe peke yake halikutosha. Champollion aliyefungua maandishi yale 1822 alikuwa anakijua Kikopti, na Kikopti ni mjukuu wa lugha ya mafirauni, kimehifadhiwa kanisani. Yaani Kimisri cha kale hakikufa moja kwa moja. Kilikuwa kinasaliwa.

Kete, waangalie wavuvi wa kisiwa chako cha mwisho. Lugha yao inatoka wapi? Ukiwapa wachezaji wako wimbo wa wavuvi kuvuta nyavu, ambao hata wavuvi wenyewe hawaelewi nusu yake, umewapa Kikopti chao.

#15 Wa Changamwe

Nimesoma kimya kutoka juu. Naongeza kisa changu, kisha nitatoa maelezo ambayo naona hakuna aliyeyasema.

Mama yangu ni Mdawida, baba pia. Tumekulia Changamwe. Kidawida nilikuwa nakisikia shangazi akija kutoka Wundanyi. Mlango ukifungwa, mama na shangazi wanakimwaga usiku kucha, wanacheka hadi machozi. Nikiingia chumbani, kimya, halafu Kiswahili. Hakuna aliyemkataza. Nilipokua nikamuuliza mbona hukutupa. Akasema alipokuja mjini akiwa msichana walimcheka lafudhi, na hakutaka tuchekwe.

Kidawida kiko hai, kina watu wengi milimani, sitaki mtu akielewe vibaya. Nyumbani kwetu ndiko kilikofia, na aliyekijua alikuwa amekaa nasi mezani.

Kwa hivyo majini wa sokoni hawana haja ya kufichwa chini ya mnara. Wapo, wanakijua, na hawatakisema mbele ya mteja. Ukiwauliza watasema sijui. Wachezaji wako watahitaji kuaminiwa kwanza, na hakuna kete ya kurusha ukaaminiwa.

#16 Kiboko wa Nyali

Wa Changamwe 👏🏾 Hii imenishinda. Mimi bibi yangu alikuwa na Kipokomo, mimi nina salamu tu.

#17 Wa Laikipia, sasa Bamburi

Nakubali aibu inaua lugha. Nakataa kwamba inatosha kuua ya dola. Watangu walikuwa watawala. Nani alimcheka mtawala? Aibu huwakuta waliokuja mjini, hawa ndio waliokuwa na mji.

#18 Wa Changamwe

Walikuwa watawala kabla hawajaanguka. Baada ya kuanguka, lafudhi ya aliyekuwa bwana inachekwa kuliko zote. Au inahatarisha maisha. Fikiria mwaka wa kwanza baada ya anguko, watumwa wamekuwa huru, na wewe unafungua mdomo sokoni na inatoka Kitangu.

#19 Mzee wa Makadara

Hapo sasa mmefika penye kina.

#20 Nahodha wa Likoni

Basi mimi narudi na nyingine. Huenda hakikuwahi kusemwa kabisa. Shule za waandishi za Babeli zilifundisha Kisumeri karne nyingi baada ya kutoweka majumbani, kwa ajili ya ibada na elimu. Huku kwetu washairi walikuwa na kingozi, Kiswahili cha kale cha mashairi, na sijamsikia mtu akinunua samaki kwa kingozi. Kitangu kikiwa lugha ya mahakimu na makuhani tu, majini wauza lulu hawakukijua hata zama zile zile. Jini wa miaka 900 atakwambia, "Ah, yale ya ukutani? Yale yalikuwa ya wakubwa."

#21 Fundi wa Kanuni

Hiyo inaondoa pia maiti wengi. Kaburi la mvuvi halina faida, mpaka mpate la karani. Mimi naipenda hii kuliko ya aibu.

#22 Binti Kisauni

Mimi bado niko na Wa Changamwe. Lugha ya makuhani ikifa inabaki vitabuni, na kuna wa kuifundisha. Kanisa la Ethiopia linasali kwa Ge'ez hadi leo na hakuna mama anayemlaza mtoto kwa Ge'ez. Mwaka 400 baada ya Utangu kungekuwa na angalau hekalu moja linalosoma. Kete hajasema kuna hekalu.

#23 Kete ya Tudor

Hakuna hekalu. Lilikuwako moja kisiwa cha tatu, wachezaji wangu walilichoma moto mwaka jana wakitafuta hazina.

#24 Kiboko wa Nyali

😂😂 Ndio wauaji wa lugha hao, tumewapata! Acha kuwatafuta majini.

#25 Msomaji Usiku

Kabla uzi haujageuka wa kuchoma mahekalu, kuna hali ya tano ambayo naiona tamu kuliko zote kwa mezani: kusoma bila kuelewa. Maandishi ya Meroe, huko Sudan ya leo. Mtaalamu mmoja, Griffith, alipata sauti za herufi zake takriban 1911. Tunaweza kuyasoma kwa sauti. Maana yake mengi hatuna, ila majina na maneno machache.

Sasa tia hilo kwenye ulimwengu ambao maneno yakitamkwa yanafanya kazi. Wachezaji wako wanaweza kutamka ukuta wote, herufi kwa herufi, bila kujua wanaita nini. Nani atakubali kusoma kwa sauti?

#26 Mzee wa Makadara

Mimi singekubali, na mjukuu wangu nimemkataza kuanzia leo.

#27 Kete ya Tudor

Shukrani wadau, Kitangu hakifutwi. Ila sababu ya kifo chake sijaipata bado. Nina mahari ya Wayaaku, aibu ya sokoni, lugha ya wakubwa, mafumbo yaliyopoteza wenyewe, na kuna hii ya Meroe ambayo sitaweza kulala nayo.

Nimeamua hivi. Kaburini wataambulia maiti mmoja mwenye taya, karani, na mmoja wa wachezaji amepata uchawi wa ndimi kwenye kito. Maswali ni 5. Nipeni maswali ambayo mngeuliza nyinyi, ili nijue maiti ajiandae kwa yapi. Na tafadhali asiulize mtu hazina iko wapi.

#28 Wa Laikipia, sasa Bamburi

Binti yako aliolewa kwa mahari gani?

#29 Fundi wa Kanuni

Ukuta wa kaskazini aliuandika nani, na aliamriwa na nani? Hilo ni moja, usinihesabie mawili.

#30 Wa Changamwe

Wanao ulisema nao kwa lugha gani?

#31 Nahodha wa Likoni

Fundi, hayo ni mawili. Maiti atajibu la kwanza atanyamaza.

#32 Fundi wa Kanuni

Ni sentensi moja yenye alama moja ya kuuliza. Kete ndiye mwamuzi, aseme yeye.

#33 Binti Kisauni

Wakati mnabishana, mimi nachukua la nne: samaki wa tatu ni nani?